Kibanda Nyuma ya Migomba

Kwa karibu miaka mitatu nilipiga picha za ndege bila kwenda mbali zaidi ya pale ambapo mlio wa fimbo ya baba yangu uliweza kunifikia. Alikuwa akiigonga kwenye nondo za dirisha la chumba chake, mara tatu, akihitaji maji, au kubadilishiwa shati, au kupelekwa chooni. Nyumba yetu iko juu ya kilima, upande wa Ilemela, katikati ya mawe makubwa, na mawe yale yana tabia zake. Upande wa nyuma, kwenye migomba, mlio ulifika vizuri hadi kwenye ua wa jirani. Upande wa mbele, ukishuka hatua arobaini tu kuelekea barabarani, kuna mwamba unaoziba, na husikii chochote. Kwa hiyo upande wa mbele niliuacha. Ziwa nililiona kila siku, kule chini, kati ya paa za mabati, na jioni niliwaona mnandi, wale ndege weusi wavuvi, wakipita kwa mistari juu ya maji kwenda kulala, lakini sikuwahi kushuka kuwapiga picha. Nilipiga wale waliokuja wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Kabla ya miaka hiyo mitatu nilifundisha sekondari moja ng'ambo ya ghuba, Sengerema, kwa miaka tisa. Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili, na Jumamosi niliweza kulala hadi saa kumi alasiri bila mtu kuniuliza kama naumwa. Watu wakisikia kwamba niliipenda Sengerema huuliza kama kulikuwa na mwanaume. Hakukuwa na mwanaume. Kulikuwa na mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mmoja, na ulikuwa wangu.

Mama alifariki, na kabla hatujamaliza hata kugawa nguo zake baba akapata kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto vilikufa ganzi, na mdomo ulienda upande kwa wiki kadhaa kabla haujarudi. Tuko wawili tu, mimi na kaka yangu anayeishi Dar es Salaam na mke na watoto. Kaka alipiga simu, akaongea kwa upole sana, akasema tuangalie nani ana nafasi. Alipomaliza kuangalia, mwenye nafasi nilikuwa mimi. Nikatafuta mwalimu wa kubadilishana naye kituo. Hakuchelewa kupatikana, kijana mmoja aliyekuwa akifundisha Ilemela na mke wake yuko Sengerema, na mpaka leo huwa ananitumia salamu za shukrani kila Mwaka Mpya.

Siku niliyohamia nilisimama kwenye mlango wa chumba cha baba na begi bado liko begani. Nilimwambia, "Baba, siku ukianza kutembea nitaomba kurudi Sengerema." Nilitaka kumpa moyo wa kufanya mazoezi. Yeye alitikisa kichwa kwamba amesikia.

Kamera niliipata mwaka wa kwanza ule, kwa mzee aliyekuwa na studio ya picha za paspoti karibu na shule na ambaye alikuwa anafunga, maana kila mtu sasa anajipiga kwa simu. Ilikuja na lenzi ndefu yenye ukungu kwenye pembe moja, kiasi kwamba kila picha niliyopiga ina doa la kijivu juu kushoto. Nilianza na chozi, ndege mdogo mnyonya maua, aliyekuwa anakuja kwenye ua la mgomba mbele ya dirisha la jikoni. Halafu nikataka kusogea karibu zaidi. Nyuma ya migomba kulikuwa na banda la kuku ambalo kuku wake wote walikufa kwa ugonjwa wa kideri. Nililisafisha, nikaziba mbele kwa magunia, nikatoboa tundu la lenzi, nikaweka ndoo ya kukalia. Ukikaa pale robo saa bila kutikisika ndege wanakusahau. Walikuja kwera wa njano, shore, yule kurumbiza mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayeanza kuimba kabla hakujakucha, na kuzumburu, ndege wa kijivu wenye mikia mirefu wanaoning'inia kwenye mipapai kama panya na kutoboa kila papai linaloiva.

Baba aliwahi kuwa fundi wa injini za meli za ziwani. Ni mtu wa Kagera, Mlutheri, msomaji wa magazeti, na hata alipokuwa hawezi kufunga kifungo cha shati alipenda nimvalishe shati la kola. Jioni, baada ya chakula, nilimpa kamera ashike kwa mkono wa kulia, naye akawa anabonyeza kusogeza picha moja baada ya nyingine kwenye kioo kidogo cha nyuma. Hakuwa mtu wa kusifu. "Huyu umemkata mkia," angesema. Au, "Hapa umempiga mgomba, ndege kapita." Lakini ilikuwa saa yetu nzuri kuliko zote, na nadhani ilikuwa saa nzuri kwa sababu hakuna aliyembeba mwenzake.

Saa nyingine zote nilikuwa nambeba. Asubuhi kabla ya shule nilimuosha, nikamvalisha, nikamkalisha kwenye kiti cha barazani na redio yake. Mama jirani, mjane ambaye ua wake umepakana na wetu, alikubali kuwa anachungulia mara mbili tatu mpaka nirudi. Nikirudi namtoa kwenye kiti, namrudisha kitandani, napika, nafua mashuka. Mgongo uliniuma mpaka nikawa nasahihisha madaftari nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni. Shuleni, katikati ya kipindi, nilikuwa nasikia fimbo ikigonga nondo, nanyamaza, darasa zima likishangaa kwa nini nimesimama. Kaka alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza maendeleo, na kila Jumapili nilimwambia yuko vilevile.

Na kweli, alikuwa vilevile. Mwaka wa pili mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alisema kwa hali aliyoiona, mzee angepaswa awe anatembea kwa fimbo. Aliandika kwenye faili kwamba maendeleo ni ya kuridhisha. Nilimwona ni kijana asiyejua kazi. Njiani kurudi baba alisema safari zile zinamchosha, kupandishwa na kushushwa kwenye mawe kama gunia, na kwamba angependa kupumzika. Tukaacha kwenda. Sikumbishia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nabeba lile gunia.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilimuaga baba barazani nikamwambia naenda shuleni kusahihisha mitihani ya majaribio na nitarudi jioni. Nilifika, nikakuta karatasi za somo langu hazijaletwa. Tukaambiwa turudi Jumatatu. Sikuwa nimepata Jumamosi tupu kwa muda mrefu na sikujua niipeleke wapi. Nilifikiria kushuka ziwani. Badala yake nilirudi nyumbani, kwa sababu kulikuwa na ndege niliyekuwa namvizia wiki nzima, mdogo, mwenye kichwa cheusi na mkia wa rangi ya matofali, mrefu mara mbili ya mwili wake. Alikuwa anajenga kiota kwenye mti wa jirani na kuja kuokota nyuzi za magome ya mgomba kwetu. Kamera ilikuwa imefungiwa kwenye kasha ndani ya lile banda. Nikapita njia ya nyuma, kati ya mawe, nisimshtue ndege, nikaingia kibandani bila kupitia nyumbani.

Nilikaa. Yule ndege hakuja. Walikuja kuzumburu, sita au saba, wakatua kwenye mpapai ulio karibu na tanki la maji, wakaanza kazi yao. Nilikuwa nimewawekea lenzi wakati mlango wa jikoni ulipofunguka na baba akatoka.

Alitoka kwa miguu. Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa anachechemea kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyekaa vibaya, lakini alitembea mpaka katikati ya ua, akainama, akaokota donge la udongo, akawarushia kuzumburu. Wakaruka. Akachukua ule mti mrefu wa kuangulia mapapai, akaushika kwa mikono yote miwili, akaangua papai moja, akaliwahi kabla halijapasuka chini. Alikuwa na kisu mfukoni. Alilikata akalila palepale amesimama, ameegemea tanki, akitema mbegu pembeni, akiangalia ziwa.

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, kikawa kinabonyeza. Sikukiamuru. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, na ninaliandika hili kwa sababu sitaki lipotee. Niliona ni muujiza. Nilitaka nitoke mbio nimkumbatie. Halafu nikaona jinsi alivyoosha kisu kwenye bomba, akakikausha kwa suruali, akarudisha ule mti mahali pake hasa pale unapokaa, akazoa maganda na mbegu akazitupa mbali nyuma ya jiwe ambako huwa sifiki. Nikajua kwamba anafanya hivyo kila siku.

Aliingia ndani. Nilibaki juu ya ile ndoo, sijui kwa muda gani, mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nilitoka kwa nyuma, nikazunguka mawe, nikaingia kwa geti la mbele nikilibamiza kwa nguvu. Alikuwa kwenye kiti chake barazani, shuka limefunika mapaja, redio inaongea.

"Umerudi mapema," alisema. "Afadhali. Nisaidie niende chooni."

Nikamsaidia. Niliingiza bega langu chini ya kwapa lake kama siku zote, akanilemea kama siku zote, na mguu wa kushoto ukaburuzwa sakafuni. Mkono wake ulikuwa unanukia papai.

Sikusema kitu siku ile, wala iliyofuata, wala wiki saba zilizofuata. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Wakati ule nilijiambia namsubiri aseme mwenyewe. Nilimuosha, nikamvalisha, nikamfunga vifungo, nikiwa na hasira ambayo ilinitoka kwenye vyombo tu. Nilivunja vikombe vitatu. Kila nilipopata nafasi nilimdanganya kwamba natoka, nikapita kati ya mawe, nikaingia kibandani. Sikuwa namtafuta ndege tena. Yule mwenye mkia wa matofali alimaliza kiota chake, akaangua, makinda yakaruka, na sina hata picha moja. Nina picha za baba. Baba anamwagilia mchicha. Baba anapanda jiwe dogo kuangalia meli. Baba amesimama kwenye kamba ya nguo, ameshika kanga ya mama ambayo nimeifanya ya jikoni, hafanyi chochote, ameishika tu. Picha kumi na sita kwa jumla, na zote zina lile doa juu kushoto.

Katikati ya hizo wiki mama jirani aliniletea bakuli lake la dagaa, tukasimama kwenye uzio tunaongea, nami nikamuuliza kama mzee amewahi kumsumbua kwa kumwita nikiwa kazini. Alisema hapana, mzee hana usumbufu, tena akiishiwa chumvi huja mwenyewe mlangoni kuomba. Akanitazama usoni, na nikaona anavyoelewa.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani mmekubaliana hivyo ili usihamishwe tena kikazi. Na wewe ulionekana umetulia."

Neno lile la kutulia liliniuma kuliko lile la chumvi.

Ilipofika mwezi wa saba kaka alipiga simu ya Jumapili akauliza maendeleo, nikasikia sauti yangu inasema yuko vilevile. Sikuwa tena mtu anayedanganywa. Sasa nilikuwa namsaidia kudanganya. Nilikata simu nikaenda kukaa jikoni, nikafikiria kwamba baba akitembea itabidi nieleze mimi mwenyewe kwa nini nina miaka arobaini na moja na siku zangu zinaishia kwenye ua wa nyuma. Mpaka hapo mguu wake ndio uliokuwa unanijibia. Nikishindwa kwenda harusi, ni mguu wa mzee. Nikikataa kujiendeleza chuoni, ni mguu wa mzee. Hata kutoshuka ziwani Jumamosi ile, wakati hakuna fimbo iliyokuwa inaniita.

Jioni hiyohiyo tulikula ndizi na maharage. Baada ya chakula aliomba kamera kama kawaida. Wiki zile zote nilikuwa nimemwambia betri mbovu. Safari hii nilimpa.

Alianza na kwera. Akapita shore, akapita picha mbili za kuzumburu kwenye mpapai. Kisha kidole kikasimama. Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena.

"Hii ni lini?"

"Jumamosi ile ya kusahihisha. Karatasi hazikuwepo."

Aliendelea kubonyeza, taratibu, zote kumi na sita. Kwenye ile ya kanga alikaa muda mrefu. Alipofika mwisho alirudi mpaka ile ya kwanza.

"Lile papai lilikuwa limeiva sana," alisema.

Redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa ya habari, tukaisikiliza mpaka ikafika michezo.

"Mbona hukusema?" aliniuliza.

"Wewe mbona hukusema, Baba?"

Aliiweka kamera mezani kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa sijauona mkono ule ukifanya kitu ndani ya nyumba kwa miaka mitatu. Akaanza kueleza, na hakunitazama alipokuwa anaeleza. Mwaka wa kwanza haukuwa uongo, alisema, na nilijua haukuwa. Nguvu zilianza kurudi mwaka wa pili, kidogokidogo, kwanza vidole vya mguu, nikiwa shuleni. Alikusudia kunionyesha. Alifanya mazoezi kwa siri ili anishangaze siku ya Pasaka. Pasaka ilipokaribia akakumbuka nilichomwambia nikiwa nimesimama pale mlangoni na begi. Akasema ataacha Pasaka ipite. Baadaye ikawa vigumu, kwa sababu kila siku iliyopita iliongeza uzito wa ile ya kwanza, na alikuwa ananiona nikiinama kumvua viatu na kushika mgongo.

"Nilikuwa naona unavyoumia," alisema. "Nikawa nasema kesho. Nyumba hii, mwanangu, mama yako alipotoka, mchana ilikuwa inanipigia kelele. Mpaka uliporudi na madaftari yako."

Nilitaka kumwambia maneno makali niliyokuwa nimeyapanga kwa wiki saba. Nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio. Nilichosema ni kwamba nimechoka sana. Akasema anajua. Kisha akasimama, bila kushika meza, akakusanya sahani zetu mbili akazipeleka jikoni, na nikasikia maji yakifunguliwa. Nililia hapo mezani, na sikulia kwa huruma. Nililia kwa hasira ya kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Tulipoamka hatukuwa watu wapya. Alijiosha mwenyewe, akakosea vifungo, akaja barazani amevaa shati pembe moja juu nyingine chini, nami sikumrekebisha. Kwa kama mwezi tulisalimiana, shikamoo, marahaba, na hatukuzidisha. Kaka alipopata habari alicheka kwenye simu, akasema mzee ni mjanja, na sikumpigia tena mpaka alipoomba radhi. Niliandika barua ya kuomba uhamisho kurudi Sengerema. Walinijibu kwamba nafasi ya somo langu imejaa, nitafute wa kubadilishana naye. Yule kijana mwenye salamu za Mwaka Mpya nilimpigia, akaniambia kwa heshima zote kwamba mtoto wao wa pili amezaliwa kule.

Nilikaa miezi minne zaidi katika nyumba ile, na hakuna aliyenizuia. Hiyo ndiyo miezi iliyonitisha. Jioni nilikuwa nafika nyumbani mbio, nikiwa nimekataa kukaa na wenzangu, nikamkuta baba amepika, na sikujua nilikuwa nakimbilia nini. Kibandani sikuingia. Magunia yalioza mvua za vuli zilipoanza, mende wakahamia ndani ya ndoo.

Mwezi wa kumi na mbili nilipanga vyumba viwili Kiseke, ghorofa ya kwanza, kama nusu saa kwa miguu kutoka kwa baba. Si mbali. Mama jirani alisema sasa huko ni kuhama au kutembea. Nilimwambia baba siku tatu kabla. Aliuliza kama kuna maji ya uhakika. Nilipofunga mlango wangu usiku wa kwanza nilisimama nyuma yake kwa muda, nikiwa nimeshika ufunguo, nikasubiri kufurahi. Nilisikia njaa tu. Nikachemsha mayai nikalala, na Jumamosi hiyo nililala mpaka saa kumi alasiri.

Alikuja kunitembelea baada ya wiki tatu, bila kunitaarifu. Alikuja na bodaboda, na mkungu mdogo wa ndizi umefungwa nyuma. Nilimsikia kwenye ngazi kabla sijamwona: hatua, kituo, hatua, kituo. Nilisimama juu nikasubiri. Mkono ulitaka kwenda kumshika, nikauweka kwenye reli ya ngazi. Alifika anahema, amevaa shati la kola, vifungo vyote mahali pake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

Aliingia, akaangalia chumba, akagonga ukuta kwa kiganja kama fundi anavyopima bomba, akauliza ni kiti gani cha kukalia wageni. Vilikuwa viwili na vinafanana. Akachagua cha dirishani. Nikampikia chai. Alivuta pazia kidogo akatazama nje, kwenye nyaya za umeme na mwembe wa jirani uliokuwa umejaa vumbi.

"Hapa kuna ndege gani?" aliuliza.

Nikamwambia bado sijaangalia. Alikubali kwa kichwa, akapuliza chai yake, na tukaongea habari za bei ya ndizi mpaka jua likapungua makali, akasema aondoke kabla ya giza. Nilimsindikiza mpaka mwanzo wa ngazi. Aliteremka mwenyewe.